Muuguzi wa nyumbani kwa mgonjwa wa kiharusi: uzoefu wangu

Mama alitoka wodini baada ya kiharusi, upande wa kulia umepooza na maneno yamempotea. Anatusikia na mengi anayaelewa, ila akitaka maji anaweza kusema "mlango". Tukachukua wauguzi wa nyumbani kupitia wakala, zamu ya mchana na ya usiku. Wengi wanaotafuta huduma hii huulizia bei na saa. Mimi nasema ulizeni kwanza kama muuguzi anayeletwa amewahi kuuguza wagonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Sista wa mchana alikuwa na uzoefu huo, na tuliuona tangu mlo wa kwanza. Supu ilikuwa tayari mezani. Alimkalisha mama wima kabisa, akampa kijiko kidogo cha maji, akawa anamtazama koo. Mama alipomeza akamwambia, "Mama, sema aaa." Sauti ikatoka ya majimaji, kama mtu anayesukutua. Supu ikaondolewa, sista akapiga simu hospitalini, na mama akapimwa umezaji kabla ya kula chochote. Kiharusi hudhoofisha misuli ya kumeza, na mgonjwa anaweza kupaliwa bila hata kukohoa, chakula kikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Tangu hapo vinywaji vyake vinafanywa vizito kwa kipimo alichopangiwa, na akishakula anakaa nusu saa ndipo alazwe.

Habari ya kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili nilikuwa nimeisikia. Nisichokijua ni kwamba kila sista akimgeuza mama anakagua visigino, nyonga na juu kidogo ya makalio, na akiona wekundu anaubonyeza kwa kidole. Usipofifia, ngozi imeanza kuumia na kidonda kiko njiani. Mama hajapata kidonda hata kimoja. Kwenye kumvisha, mkono uliopooza huingia kwanza. Kwenye kumvua, hutoka mwisho.

Ila nililomshukuru zaidi ni namna alivyoongea naye. Swali moja kwa wakati, la kujibiwa ndiyo au hapana, kisha anasubiri. Anasubiri kweli! Alituomba tuache kummalizia mama sentensi zake, na tuache kupaza sauti kana kwamba ni kiziwi.

Kuna mchana alisema mama amesinzia kuliko kawaida yake. Sisi hatukuona tofauti. Alimulika mboni za macho kwa tochi, akampima kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile kilichotangazwa na madaktari Teasdale na Jennett mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15 kwa macho, usemi na mwendo wa viungo. Akatueleza kwamba kwa mtu aliyepoteza maneno alama ya usemi inaweza kupotosha, kwa hiyo yeye humlinganisha mama na alivyokuwa jana. Akasisitiza apelekwe hospitali, akapelekwa. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, yakatibiwa mapema.

Zamu ya usiku sikuridhika nayo. Wakala alikuwa akibadilisha watu mara kwa mara, na kila anayekuja anaanza upya. Mmoja alimwinua mama kwa kumvuta kwapa la upande uliopooza, bega likauma kwa muda mrefu. Misuli inayolishikilia bega hilo imelegea, kiungo huteguka kirahisi, ndiyo maana sista wa mchana huuwekea mkono mto na hauvuti kamwe. Wakala aliomba radhi, lakini tatizo lilikuwa kwenye makabidhiano: hakuna kilichoandikwa, kila kitu ni kwa mdomo, tena mlangoni. Tukalazimisha daftari: saa aliyogeuzwa na upande gani, alichokula, mkojo, shinikizo la damu, dawa na saa zake. Hali ikawa afadhali, ingawa bado kuna usiku ambao kurasa zilibaki tupu.

Kwa hiyo huduma ya mchana naipendekeza kwa moyo wote, na ningeichukua tena kesho. Ya usiku, msisaini mpaka wakala akubali kwa maandishi kuleta watu walewale, na kwamba mgeni yeyote atakaa kwanza zamu nzima na anayemjua mgonjwa. Sisi ya usiku tumeisitisha. Tunapokezana wenyewe, na sista ametufundisha kumgeuza.