TAHADHARI: Muuza kobe "wenye kibali" hapa Dar, msimtumie hela

Jamani wafugaji, kuna mtu anatangaza kobe "wenye kibali", analeta kwa bodaboda hadi mlangoni. Msimtumie hata mia. Mimi nimeshapigwa laki mbili na nusu, hapa Sinza.

Nilimuuliza kibali mapema, nikijiona mjanja. Akajibu bila wasiwasi: hawa walikuwa wa kusafirishwa, Serikali ilipozuia kupeleka wanyamapori hai nje mwaka 2016 wakabaki mikononi mwa wafanyabiashara, karatasi zao zipo. Katazo lilikuwepo kweli, ndiyo maana uongo ulinoga. Karatasi ikaja na ngao ya taifa na muhuri. Jina langu halimo, idadi ya wanyama haimo, nami nikaridhika.

Kobe mwenyewe bapa kama chapati, gamba linabonyea. "Bado mtoto huyo, litakomaa. Mweke kwenye beseni la maji, mpe mkate." Siku ya tatu mapovu yanamtoka puani. Daktari wa mifugo alimgeuza mara moja tu akaniuliza nimemtoa wapi. Si mtoto, ni mtu mzima. Gamba laini ndilo linalomwezesha kujibana kwenye nyufa za majabali, huko Dodoma na Singida. Kuogelea hajui, chakula chake ni majani. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati, na tangu 2019 biashara ya kimataifa ya kobe hawa wa porini imepigwa marufuku.

Kumbe hiyo ilikuwa nusu ya mchezo. Kesho yake simu ikaita: "afisa wanyamapori". Anajua mtaa, anajua rangi ya geti, anajua hadi beseni! Laki tano kwa simu, la sivyo nalala ndani. Nikaingiza namba huku natetemeka. Kabla sijaweka namba ya siri, jina likatokea: lile lile la aliyepokea hela ya kobe.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inambana muuzaji na mnunuzi pia, na hofu hiyo ndiyo mtaji wake. Mimi nilimbeba kobe hadi TAWA, mamlaka ya wanyamapori, nikaeleza yote, aibu na yote.

Tangazo bado lipo, bei kashusha. Picha anayotumia sasa ni ile niliyomtumia mimi nikilalamika. Beseni langu la bluu linaonekana kabisa.