Jina la Fraga Mgongoni: Tathmini ya Fundi wa Kuchapa Jezi, Soko Kuu la Mtwara

Miezi minne iliyopita nilipeleka jezi nyekundu isiyo na maandishi kwa fundi mmoja wa kuchapa jezi, ambaye kibanda chake kipo jirani na Soko Kuu la Mtwara, nikamwomba aandike mgongoni jina la Gerson Fraga, kiungo Mbrazili aliyesajiliwa na klabu ya soka ya Simba ya Dar es Salaam mwaka 2019. Jezi hiyo nimekwisha kuivaa na kuifua mara nyingi, hivyo naweza sasa kuisemea kazi yake bila kumpendelea wala kumwonea.

Sikuwa nimeanzia kwake. Duka la kwanza nililokwenda, ambalo sitalitaja, liliandika FLAGA, na nilipolalamika nikajibiwa kwamba jina hilo halina mwenyewe siku hizi, kwa hiyo hakuna atakayegundua. Jibu hilo liliniuma kuliko hasara ya jezi yenyewe. Kama ningeagiza jina la nyota anayetamba msimu huu, herufi zingehakikiwa mara mbili kabla ya kubandikwa, na mimi ninaamini kwamba mchezaji aliyetoka mbali akaja kutoa jasho lake kwetu anastahili angalau jina lake liandikwe sawasawa.

Fundi wa Soko Kuu alinipa karatasi na kalamu, akasema, “Mjomba, andika mwenyewe kwa herufi kubwa, halafu unisomee.” Ni kijana wa umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, na Fraga hakumkumbuka vizuri. Alipokuwa akikata herufi aliniuliza huyu ni nani, nami nikamweleza kwamba ni mtoto wa akademi ya Grêmio ya Porto Alegre, aliyekuwa nahodha wa Brazil ya vijana chini ya miaka 17 katika Kombe la Dunia lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Kikosi hicho kilikuwa na Neymar, Coutinho, Casemiro na Alisson, lakini kilitolewa katika hatua ya makundi baada ya kufungwa na Mexico na Uswisi. Wenzake wakapanda hadi klabu kubwa za Ulaya, yeye njia yake ikapita kwingine: alikwenda India akacheza kama beki wa kati katika Mumbai City, ambayo mwaka 2016 iliongoza msimamo wa ligi ikiwa na mshambuliaji wa Uruguay, Diego Forlán, kisha akahamia ATK ya Kolkata, na kutoka huko akaja Dar es Salaam pamoja na Wabrazili wengine wawili, Wilker na Tairone. Simba ikamsogeza mbele ya mabeki, ile nafasi tunayoiita ya mkata umeme, naye akaimudu. Mchezaji wa aina hii hasifiwi sana, kwa sababu kazi yake huonekana pale tu asipokuwepo.

Fundi alisikiliza yote hayo bila mkono wake kutetereka, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kwa namba nilitaka aandike 2019, mwaka aliofika. Alikataa kwa adabu, akanionyesha kwa rula kwamba tarakimu nne zingebanana na kufika kwenye mishono ya kwapani, akashauri 19 peke yake. Alikuwa sahihi. Tena alinieleza jambo ambalo sikuwa nikilijua: kitambaa chekundu cha poliesta kikipigwa joto kali hutoa rangi yake, ikapenya kwenye stika nyeupe na kuifanya ya waridi baada ya siku chache. Kwa hiyo yeye hupunguza joto la mashine, hutandika kitambaa cha pamba juu ya jezi ili isiungue na kung'aa, na hurudia kukandamiza mara mbili kwa muda mfupi. Herufi zangu bado ni nyeupe kabisa.

Kasoro zipo. Bei yake ni shilingi 7,000 kwa jina na namba, wakati wengine hapo hapo sokoni hutoza 5,000, na aliniahidi kazi ya saa mbili ikawa ya siku mbili kwa sababu umeme ulikatika. Mwezi wa pili tangu ichapwe, ncha ya herufi G ilianza kubanduka. Nilirudi nayo, akaikandamiza upya bila malipo, na haijabanduka tena.

Nimeivaa jezi hiyo hadi Ruangwa, na si kwa bahati. Msimu wa 2019/20, ambao Fraga alikuwa kikosini, Simba ilikabidhiwa kombe la ligi huko huko Ruangwa, kwenye Uwanja wa Majaliwa, tarehe 8 Julai 2020, baada ya sare tasa na Namungo, timu ya kwetu Kusini, na mwezi uliofuata ikaifunga Namungo hiyo hiyo 2-1 katika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga. Sisi wa Kusini tulikuwa na moyo uliogawanyika siku zile. Muda si mrefu baadaye majeraha ya goti yakamtoa Fraga kikosini, akaondoka kimya kimya. Pale Ruangwa mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu alisoma jina mgongoni kwa sauti, akanigusa bega na kuniuliza kama goti la yule Mbrazili lilipona.

Atakayekwenda kwa fundi huyu aende na jezi yake mwenyewe, kwa kuwa anazouza yeye ni nyepesi mno, asiifue kabla ya siku moja kupita, na aigeuze ndani nje anapoifua. Msimu wa korosho, fedha za minada zinapoingia, foleni huwa ndefu tangu asubuhi, hivyo ni vyema kuwahi kabla hajafungua.