TAHADHARI: Muuzaji wa "paka wasio na aleji" Dar es Salaam, msimtumie pesa

Ndugu zangu mnaotafuta paka, hasa wenye mtoto, mwenza au mzazi mwenye aleji au pumu nyumbani, naomba msome hii kabla hamjatuma hata mia. Kuna muuzaji hapa Dar anajitangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ana "paka wa Siberia, hawana aleji asilimia mia, wamepimwa maabara". Anawauza milioni moja na laki mbili kila mmoja. Mdogo wangu na mume wake walimlipa, wakaishia kulala hospitali na mtoto wao wa miaka 9 aliyebanwa kifua. Jina la akaunti silitaji kwa kuwa suala liko polisi, na tangu watu waanze kulalamika ameshalibadilisha. Nitaeleza anavyofanya kazi, mtamtambua.

Kwanza mjue kwamba paka asiye na aleji hayupo. Hayupo Siberia, hayupo Uajemi, hayupo popote. Kinachowasumbua wagonjwa ni protini inayoitwa Fel d 1, ambayo paka huitengeneza kwenye mate na kwenye tezi za mafuta za ngozi yake. Paka anajilamba kutwa nzima, mate yanakaukia kwenye manyoya, kisha yanapukutika pamoja na vipande vidogo vya ngozi. Chembe hizo ni ndogo mno, zinaelea hewani kwa saa nyingi na kunasa kwenye mapazia, makochi, neti na sare za shule. Zimekutwa hata kwenye nyumba na madarasa ambayo hayana paka kabisa, zimebebwa na nguo za watu. Ndiyo maana hata Sphynx, yule paka kipara, anawaletea watu mafua na kuwashwa macho kama wengine. Rangi ya manyoya na urefu wake haviamui chochote.

Paka wa Siberia na Balinese wanasifiwa sana kwamba wana protini hiyo kidogo. Wapo wenye kiwango kidogo, lakini wapo pia wenye kiwango kikubwa, maana kila paka ana kiwango chake, hata ndugu wa tumbo moja hawalingani. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni Siberia huyu, usiwe na wasiwasi", hajakuambia lolote kuhusu paka aliyemshika mkononi.

Uongo huu si wa leo. Mwaka 2006 kampuni ya Marekani iliyoitwa Allerca ilitangaza kwamba ina paka wasioleta aleji, ikawauza kwa karibu dola 4,000. Baadaye ikaleta paka iliyemwita Ashera, kwa zaidi ya dola 20,000. Vipimo vya vinasaba vya 2008 vikaonyesha kwamba Ashera ni paka wa aina ya Savannah tu, waliozalishwa na mfugaji mwingine kabisa huko Pennsylvania. Nalitaja hili kwa sababu shemeji yangu alionyeshwa makala za Kiingereza za miaka ile kama ushahidi. Muuzaji alimtumia zile za kusifia peke yake.

Sasa mbinu zake.

Hakukaribishi nyumbani kwake. Atasema anafuga mbali, au mama yake mgonjwa, au kuna ukarabati. Mtakutana mahali pa wazi, upepo unapiga. Mdogo wangu alikutana naye kwenye bustani ya mgahawa Mikocheni. Paka anakuja ametoka kuogeshwa, ananukia shampuu, manyoya yamechanwa. Mtoto anapewa ampakate kidogo, hapigi chafya, na muuzaji anawageukia wazazi: "Mmeona wenyewe." Hapo hakuna kilichopimwa. Kumwogesha paka kunapunguza ile protini, lakini inarudi baada ya siku chache tu. Na hewa ya nje inapeperusha chembe ambazo chumbani zingejaa. Kuna wagonjwa wengine ambao dalili zao hujijenga polepole, hazitokei papo kwa papo.

Kisha anatoa cheti. Nimekishika mkononi. Karatasi ngumu yenye nembo ya dhahabu, picha ya paka kwenye kona, na mstari mmoja tu wa majibu: "Fel d 1: 0%". Hakuna jina la maabara, hakuna tarehe ya kuchukua sampuli, hakuna jina wala saini ya aliyepima, na hakijasema sampuli ilikuwa mate, manyoya au damu. Halafu protini hii haipimwi kwa asilimia namna ile; majibu ya kweli yanaeleza ni kiasi gani kimekutwa ndani ya sampuli ya ujazo au uzito fulani. Anayewaandikia sifuri kwa mia anategemea kwamba hamtauliza.

Mtoto alianza na macho mekundu na kujikuna shingo. Kabla wiki haijaisha akawa anakohoa usiku. Mama yake akampigia muuzaji, akajibiwa, "Mpeni muda dada, mwili unazoea." Kisha akamuuzia kichupa cha dawa ya kuweka kwenye maji ya paka, laki moja na nusu, akisema inaua aleji kutoka tumboni. Kichupa hakina lebo. Usiku uliofuata nilikuwa pale kwao, yule mtoto amekaa kitandani amejiinamia, mabega yanapanda na kushuka, ananiambia kwa vipande, "Mama mkubwa... hewa... haiingii." Inhela haikutosha. Tulikimbia naye hospitali akawekewa oksijeni na dawa ya mvuke. Ninaandika hili nikiwa na hasira, sifichi. Pumu inaua. Kumwambia mzazi wa mtoto mwenye pumu kwamba mwili utazoea, ukijua unachouza, ni kucheza na roho ya mtoto.

Tulipompeleka paka kwa daktari wa mifugo ndipo mengine yakafunguka. Ni chotara wa kawaida mwenye damu ya Kiajemi. Masikio yamejaa uchafu mweusi kama unga wa kahawa, dalili ya utitiri. Kitabu cha chanjo kimejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na hakuna hata stika moja ya kichupa cha chanjo yenye namba ya toleo, wakati daktari wa kweli huibandika pale na kugonga muhuri. Chanjo ya kichaa cha mbwa imeandikwa tarehe ambayo, kwa umri aliotajwa kuwa nao, angekuwa na wiki mbili. Chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu.

Na akikuambia paka ametoka Urusi au Ulaya, mwombe kibali cha kuingiza mnyama nchini kinachotolewa na Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, pamoja na cheti cha afya cha nchi alikotoka. Sisi tuliambiwa "viko kwa wakala". Mpaka leo viko kwa wakala.

Wale wa mikoani na Zanzibar anawapiga kwa njia nyingine, na hapa paka hayupo kabisa. Picha ni za mtandaoni, utaona dirishani theluji. Anasema, "Tanguliza nusu, na uweke ya kutolea." Ukituma, inakuja pesa ya kreti, kisha ya kibali cha uwanja wa ndege, kisha bima "itakayorudishwa ukimpokea". Kila ukilipa linazuka jingine, ukigoma anakublok. Mwambieni apige video muda huohuo, paka akiwa pembeni ya karatasi iliyoandikwa jina lenu. Picha zipitisheni Google Lens. Ya paka tuliyetumiwa mwanzo ilikutwa kwenye tovuti ya wafugaji wa Ulaya.

Kama bado mnataka paka na kuna mgonjwa nyumbani, anzeni na mgonjwa mwenyewe. Hospitali kubwa zina kipimo cha aleji, cha kuchoma ngozi kidogo au cha damu. Wako watu wanaodhani wana aleji ya paka kumbe ni vumbi la godoro au mende, na wako ambao ni kinyume chake. Mwenye pumu, daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema hapana, basi ni hapana, hata mtoto alie vipi.

Akiruhusu, mgonjwa aende nyumbani anakoishi yule paka mnayemtaka, paka huyohuyo wala si ndugu yake, wakae ndani, milango ikiwa imefungwa, kwa muda wa kutosha, na warudie siku nyingine mara kadhaa. Inhela iwe mfukoni. Mimi ningechagua paka mkubwa kuliko mtoto wa paka, maana mkubwa ameshakuwa vile atakavyokuwa. Dume asiyehasiwa hutoa protini hiyo nyingi kuliko jike au dume aliyehasiwa, kwa hiyo dume mdogo anayeonekana hana neno leo anaweza kuleta shida akibalehe. Na mwenye paka akubali kwa maandishi kumpokea tena na kurudisha pesa. Asiyekubali hilo, achaneni naye.

Kipo chakula cha paka chenye kingamwili za yai ambazo zinashika ile protini mdomoni mwake. Utafiti wa watengenezaji wenyewe ulionyesha inapungua kwa wastani wa asilimia 47 kuanzia wiki ya tatu. Inapungua, haiishi. Kinauzwa kwenye mfuko wenye jina la kampuni na maelezo yote, hakiuzwi kwenye kichupa kisicho na lebo. Paka asiingie chumba cha mgonjwa kabisa, na dawa za mgonjwa zisiachwe.

Na walionasa tayari, tafadhali msiende kumtupa paka Feri au sokoni. Yeye hana kosa. Tafuteni ndugu au jirani asiye na aleji. Huyu wa mdogo wangu nimemchukua mimi, masikio yanaendelea kupona. Jueni pia kwamba paka akiondoka, protini hubaki ndani kwa miezi. Fueni mapazia na vitambaa vya makochi kwa maji ya moto, futeni kuta kwa kitambaa kibichi, na mgonjwa asiwemo ndani wakati mnafanya hivyo.

Namba ya simu aliyowatumia ya kulipia, ipelekeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli. Kisha nendeni kituo cha polisi mkachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Msifute mazungumzo hata kama yanawaumiza, na ujumbe wa muamala msiufute. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha namba, jina lililotokea wakati wa kulipa, na tarehe. Kichupa cha "dawa" kama mnacho, msikimwage.

Tayari tuko familia kadhaa kwenye jalada moja. Mliomlipa muuzaji huyu, awe aliwapa paka au hakuwapa, njooni inboksi na muamala wenu. Mpelelezi amesema anahitaji maelezo ya kila mmoja kwa mkono wake, na kadiri tunavyochelewa ndivyo huyu mtu anavyopata nafasi ya kubadilisha laini.