Filimbi, kamba ya mita 10 na njuga: mwaka mmoja nikimfundisha Basenji wangu kurudi akiitwa

Tufani, mbwa wangu, aliponiponyoka mara ya kwanza alikuwa na miezi minane. Tulikuwa kwenye bustani ya mtaani kwetu hapa Sheffield, Uingereza, kindi akashuka mtini hatua kumi mbele yetu, na kabla sijamaliza kutamka jina lake mbwa alikwisha kuvuka nyasi, ua na barabara ya magari. Nilimkuta ng'ambo amesimama chini ya mti mwingine, shingo juu, kana kwamba mimi sipo duniani. Dereva mmoja alikuwa amefunga breki katikati ya njia. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaagiza filimbi ninayoieleza hapa. Naandika kwa urefu kwa sababu nilipokuwa nahangaika kutafuta msaada sikukuta kitu kwa lugha yetu.

Tufani ni Basenji jike, kilo kumi kasoro. Msemaji wa Kiswahili akilisikia jina Basenji hushtuka, na ana haki: ni neno la Kilingala, ndugu wa damu wa "washenzi" wetu. Wageni waliwakuta mbwa hawa kwa wawindaji wa misitu ya Kongo, wakawapa jina lililokusudiwa kuwatweza wenye mbwa. Bibi Olivia Burn, mfugaji wa mbwa, alileta wachache Uingereza miaka ya 1930, na mwaka 1937 wakaonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Jina linaniuma, lakini mbwa mwenyewe namheshimu sana. Habweki kama mbwa wengine. Huwinda kwa macho na kwa pua pamoja. Kazi yake kwa wale wawindaji ilikuwa kumkurupusha mnyama vichakani na kumswaga hadi kwenye nyavu, mbali na mtu, akijiamulia mwenyewe pa kupita. Mbwa wa namna hiyo haoni sababu ya kugeuka nyuma eti kwa kuwa umemwita.

Mwalimu wa kwanza niliyemlipa aliniambia mambo mawili: kwamba mbwa wa aina hii hafunguliwi kamba maisha yake yote, na kwamba nikitaka lazima kumfungua nimvishe kola ya umeme. La kwanza lina ukweli ndani yake, nitalirudia. La pili nililikataa palepale. Kule Wales kola hizo zimepigwa marufuku tangu 2010, na kwa Basenji naona ni kosa juu ya kosa. Huyu ni mbwa mwenye kumbukumbu ndefu. Ukimuumiza akiwa anakutazama, ataunganisha maumivu na wewe.

Sasa filimbi. Ni ya kampuni ya Acme, namba 210.5, kipande kidogo cha plastiki kilichotengenezwa Birmingham, na niliipata kwa chini ya pauni 10. Haina kile kigololo cha ndani kinachokwama kikipata mate au baridi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila filimbi ya namba hiyo hutoa mlio uleule. Ukiipoteza porini, unanunua nyingine yenye namba hiyohiyo na mbwa hajui tofauti. Mimi ninazo tatu: moja shingoni, moja ndani ya gari, moja anayo mume wangu. Faida ya pili ndiyo iliyonishinda nguvu. Filimbi haina hasira. Sauti yangu nikiwa na hofu hupanda, hukwaruza, na Tufani huisikia hofu kabla ya kulisikia neno. Filimbi haibadiliki, niwe natetemeka au niwe nacheka.

Lakini mtu akiinunua leo na kuipuliza kesho msituni, ametupa pesa yake. Wiki tatu za mwanzo hatukutoka nje nayo kabisa. Kila mlo wa Tufani niliugawa vijipande, napuliza mara tatu fupi, pi-pi-pi, na papo hapo namwekea kipande cha kuku mdomoni. Alikuwa hata hajakaa mbali, yuko miguuni pangu. Sikumtaka afanye chochote. Nilitaka mlio uingie mwilini mwake na kumaanisha kuku, kama vile harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inavyomleta mtoto jikoni bila kuitwa. Baada ya hapo chumba hadi chumba, kisha ua wa nyuma, kisha bustani kukiwa na umande na hakuna mtu. Na sharti moja sikulivunja: sipulizi kama siamini kwamba atakuja. Kila mara filimbi inapolia mbwa akaendelea na yake, umemfundisha kuwa mlio ule ni kelele kama kelele nyingine.

Kamba nilikosea mara ya kwanza. Nilinunua ya nailoni dukani kwa bei ya kutupa, mita 10, nikaifunga kwenye mkanda wa shingoni. Sungura alitokea, Tufani akafyatuka, kamba ikanichana viganja na yeye akavutwa shingo kwa nguvu kiasi kwamba alilia. Nililia naye. Mbwa anayekimbia akizuiwa ghafla kwa shingo anaweza kuumia vibaya, na hili lilitakiwa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila pakiti. Ya pili ni ya utepe uliopakwa plastiki, hainyonyi maji wala tope, na naifunga kwenye mkanda wa kifuani, nyuma ya mabega. Navaa glavu. Kamba naiacha iburute chini, simvuti nayo kumleta kwangu. Kazi yake ni kumzuia asifike mbali iwapo nimekosea. Kwa hii nimeridhika kabisa, pauni 25 zilizotumika vizuri.

Kuanzia Januari nikaanza kukodi uwanja wenye uzio mrefu nje ya mji, saa moja mara moja kwa wiki. Wenye mashamba wengi huku sasa wanakodisha viwanja hivyo kwa ajili ya mbwa, unaweka nafasi kwa simu na kupewa namba za kufuli. Nashauri kila mwenye mbwa wa mawindo aanzie hapo. Uangalie tu uzio unaishia wapi chini, maana Basenji huchimba, na pia hupanda.

Katikati ya kazi hii nilikwama. Tufani alikuwa anakuja vizuri, kisha akaanza kuja nusu: anafika hatua tano, anasimama, ananiangalia, anageuka. Nilimpigia mama simu Kigoma, si kwa ajili ya mbwa, lakini nikajikuta namweleza.

"Akija, unamfanyia nini?" akaniuliza.

"Nampa kuku, mama, halafu namfunga kamba tunaondoka."

"Basi unamdhulumu, mwanangu. Babu yako hakuwahi kumfunga mbwa wake kamba. Lakini mnyama akianguka, mbwa alipewa fungu lake palepale, kabla ya mtu yeyote. Alijua akirudi kwa babu mawindo hayajaisha."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Ni kweli, kwangu kurudi kulimaanisha starehe imekwisha. Tangu siku ile nikageuza mambo. Ninapomwita mara kumi, mara tisa namrudisha alikotoka: anakuja, anakula, namwambia "twende tukatafute", na tunakwenda pamoja kwenye lile shimo la sungura alilokuwa analinusa. Mimi nachuchumaa naye, nasukuma majani, namwacha achimbe. Siku nyingine zawadi si kuku hata kidogo, ni kimanyoya kilichofungwa kwenye kamba akikimbize hadi achoke. Mwanasaikolojia wa Marekani David Premack aliliandika jambo hili mwaka 1959: lile ambalo mnyama anapenda kulifanya linaweza kuwa malipo ya lile asilolipenda sana. Babu hakumsoma Premack. Ndani ya wiki mbili zile hatua tano za kusitasita zilitoweka.

Njuga nayo ni wazo la mama. Nilikuwa nimesoma kwamba kule Kongo mbwa hawa huvalishwa kengele za mti shingoni ili wawindaji wajue walipo, kwa kuwa hawabweki. Mama akasema hata kwetu mbwa wa mawindo walivishwa njuga. Nimemfungia mbili ndogo. Sikutegemea zingenisaidia hivi. Akiwa ndani ya magugu marefu simwoni, lakini namsikia, na cha maana zaidi nasikia zinaponyamaza. Njuga ikikatika ghafla, ameganda, ameona kitu. Hapo nina kama sekunde mbili. Masikio yako mbele, paji la uso limekunjamana, mguu mmoja juu. Nikipuliza wakati huo, anageuka. Nikichelewa, mkia wake uliojiviringa mgongoni unafunguka na kunyooka nyuma yake, ndiyo namna Basenji anavyokimbia kwa kasi kamili, na mkia ukishafunguka sipulizi tena. Nimechelewa, na kosa ni langu. Kusoma dakika ile kumenifaa kuliko vyote nilivyonunua.

Mwezi Februari nilichelewa. Paa alitoka kwenye msitu mdogo, njuga zikanyamaza nami nikiwa naongea na simu, na nilipoinua macho mkia ulikuwa umeshanyooka. Kamba aliyoburuta haikumzuia, nilikuwa mbali nayo. Alipotea kwa dakika 50. Watu wanaojua mbwa wa mawindo walikuwa wamenionya nisimfukuze, maana wengi hurudi kwa kufuata harufu ya nyayo zao wenyewe hadi pale walipoanzia. Nikatandika koti langu chini mahali palepale, nikakaa, nikapuliza kila baada ya dakika chache. Alirudi amepakaa tope hadi masikioni, njuga moja imekatika. Nilimpa kuku wote niliokuwa nao. Sikumkaripia, ingawa mikono ilikuwa inanitetemeka. Ukimpiga mbwa aliyerudi, umempiga kwa kurudi.

Leo, baada ya mwaka, anakuja kwa filimbi mara tisa kati ya kumi akiwa hajafungwa kamba, na karibu kila mara kama nimemwita kabla mkia haujafunguka. Mvua ikinyesha huja hata sijapuliza, maana Basenji na maji hawapatani. Hiyo moja kati ya kumi ndiyo inayoamua nimfungue wapi. Penye barabara, hapana. Penye kondoo, hapana kabisa. Hapa Uingereza sheria ya wanyama ya 1971 inaweza kumlinda mkulima aliyempiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake, na mkulima hana namna ya kujua kuwa wa kwangu amefunzwa. Kwenye zile nyika za Peak District, hifadhi ya taifa jirani na Sheffield, zilizo wazi kwa umma, kuanzia Machi 1 hadi Julai 31 mbwa lazima awe kwenye kamba isiyozidi mita 2, kwa sababu ya ndege wanaotaga chini, na karibu na mifugo ni mwaka mzima. Kwa hiyo yule mwalimu wa kwanza hakukosea kwa yote. Alikosea kudhani kwamba mbwa asiyefunguliwa kila mahali hana haja ya kufundishwa kurudi. Siku kamba inapokatika, au mtoto anapoacha mlango wazi, ndiyo siku unayoihitaji filimbi.

Filimbi naipa nyota tano. Kamba ya plastiki tano. Uwanja wa kukodi nne, kwa sababu saa moja ni fupi na majira ya baridi kunakuwa tope tupu. Njuga sijui nizipe ngapi, nilizinunua soko la vitu vya mitumba kwa pauni moja.

Majike wa Basenji huingia kwenye joto, yaani msimu wa kutaka dume, mara moja tu kwa mwaka, mara nyingi majira ya kupukutika majani, na Tufani ameanza wiki hii. Masikio yameziba tena, jana nilipuliza akanitazama tu. Nimemrudisha kwenye kamba ya mita 10, na jikoni tumeanza upya: pi-pi-pi, kuku, miguuni pangu.