Vizibuo vya Mvinyo vya Nyumbani: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Chupa ya mvinyo huingia nyumbani kwa njia nyingi: mgeni kaja nayo, umepewa zawadi kazini, au umeinunua supamaketi kwa ajili ya sikukuu. Wakati wa kuifungua ndipo inagundulika kuwa nyumba haina kizibuo. Hapo mmoja analeta parafujo na koleo, mwingine anakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko hadi mvinyo unaruka ukutani. Wapo wanaotumia kisu, na hao nawaomba waache kabisa, maana ncha ikiteleza inaishia kwenye kiganja. Kizibuo kizuri si ghali, na ukikichagua kwa makini kitakaa jikoni kwako miaka na miaka.

Kabla hujatoa hela, zitazame kwanza chupa unazonunua mara nyingi. Chupa nyingi za Afrika Kusini, na karibu zote za New Zealand, hufungwa kwa kifuniko cha kuzungusha kwa mkono. Kama hizo ndizo zako, huhitaji kununua chochote. Kama unapenda mvinyo wa Ufaransa, Italia au Uhispania, au chupa za Dodoma zilizozibwa kwa kizibo cha gome, endelea kusoma.

Kizibo hakitoki kirahisi, na kuna sababu. Kabla ya kuingizwa kwenye chupa huwa na kipenyo cha milimita 24 hivi, ilhali shingo ya chupa kwa ndani haizidi sana milimita 18. Kimebanwa kweli kweli. Kwa hiyo kizibuo kina kazi mbili: kukishika kizibo bila kukichana, kisha kukivuta kikiwa kimenyooka. Kinachoshika ni ule msokoto wa chuma, na hapo ndipo ninapomtaka mnunuzi akazie macho kuliko mng'aro wa mpini au sanduku zuri.

Ukiwa dukani, ugeuze msokoto uutazame kwa upande wa ncha. Mzuri ni waya uliojizungusha ukaacha uwazi katikati, kiasi kwamba njiti ya kiberiti inapita. Mbaya ni chuma kizima kilichochongwa hesi pembeni, mfano wa keekee la seremala. Huo wa pili unatoboa kizibo badala ya kukikamata. Ukivuta, unatoka na unga wa gome huku kizibo kimebaki pale pale. Hesabu pia mizunguko: itimie mitano au ikaribie hapo, kwa kuwa vizibo vingi vina urefu wa milimita 38 hadi 50 na msokoto mfupi hukata kizibo katikati. Msokoto uliopakwa tefloni huingia kwa ulaini, na utaufurahia zaidi kwenye vizibo vya plastiki, vinavyong'ang'ania kuliko vya gome.

Sasa nivipange.

Namba moja kwangu ni kizibuo cha weita chenye hatua mbili. Ni kile kinachokunjwa na kutosha mfukoni, chenye kisu kidogo upande mmoja na mkono wa chuma upande wa pili. Mjerumani Karl Wienke alisajili hataza ya kizibuo cha aina hii mwaka 1882, na hadi leo wahudumu wa hoteli duniani kote hawajakiacha. Cha zamani kilikuwa na kituo kimoja tu cha kuegemea mdomo wa chupa, na kizibo kirefu kilipofika nusu ya safari kilianza kupinda na kukatika. Chenye hatua mbili kimeondoa tatizo hilo. Kata foili, ile karatasi inayofunika mdomo wa chupa, chini kidogo ya mdomo wenyewe. Weka ncha ya msokoto pembeni kidogo ya katikati, ili mwili wa msokoto ndio ushuke katikati, kisha zungusha hadi ubaki mzunguko mmoja unaoonekana. Egemeza kituo cha kwanza, inua mpini. Kizibo kikifika nusu, hamia kituo cha pili, inua tena. Malizia kwa vidole, polepole. Ukishaizoea, kazi nzima haifiki dakika moja.

Unapokinunua, cheza na kiungo cha ule mkono. Kikiwa kinayumba kushoto na kulia, kirudishe. Kisu kiwe na meno, kwani kisicho na meno huparura foili badala ya kuikata. Maduka ya vyombo ya Kariakoo yana vya kila aina katika boksi moja, vibovu na vizima vimechanganyika, kwa hiyo usione haya kukunjua kadhaa kabla ya kulipa. Kizima hakizidi bei ya chupa moja ya mvinyo wa kawaida.

Namba mbili ni cha fremu, na kwa mtu mwenye maumivu ya viungo au vidole visivyo na nguvu hiki ndicho namba moja. Aliyekibuni ni Herbert Allen, mhandisi wa vifaa vya visima vya mafuta wa Houston, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na kikauzwa kwa jina la Screwpull. Fremu ya plastiki inakaa juu ya shingo ya chupa na kuunyoosha msokoto wenyewe. Wewe unazungusha mpini kwa upande mmoja tu. Msokoto ukifika mwisho unaendelea kuzungusha vile vile, na kizibo kinapanda chenyewe. Hakuna kuvuta wala kubana chupa kati ya magoti. Kama mama au bibi ndiye anayefungua chupa nyumbani, mnunulie hiki. Tatizo lake ni upatikanaji: mara nyingi utakipata kwa kuagiza mtandaoni.

Namba tatu ni chenye mikono miwili inayopanda juu unapozungusha, halafu unaibonyeza chini. Kiko kila supamaketi na hakihitaji mafunzo. Kasoro ni kwamba vingi vya bei nafuu vina ule msokoto wa chuma kizima nilioukataa hapo juu. Ukipata chenye msokoto wa waya, chukua bila wasiwasi. Ukikosa, acha.

Cha umeme nakipa namba nne. Unakisimamisha juu ya chupa, unabonyeza kitufe, kizibo kinatoka. Kwa mtu ambaye mkono wake hauwezi kuzungusha kabisa, ni msaada mkubwa na ningekinunua bila kusita. Kwa wengine, ni kifaa kimoja zaidi cha kuchaji, na kikifa betri wageni wakiwa mezani unarudi kwenye koleo.

Kile kikubwa cha kubana na kushusha wenzo hufanya kazi vizuri, ila kinakula nafasi na bei yake ni mara kadhaa ya cha weita. Kinamfaa anayefungua chupa nyingi kwa mpigo. Cha mpini mtupu wenye umbo la T usikinunue, kwani nguvu yote inatoka mgongoni mwako. Na cha sindano inayopuliza hewa ndani ya chupa sikipendekezi: chupa yenye ufa usioonekana inaweza kupasuka.

Shampeni na mivinyo mingine yenye gesi haifunguliwi kwa kizibuo chochote kati ya hivi. Ndani ya chupa ya shampeni kuna msukumo wa karibu mara sita ya hewa ya kawaida. Ipoze vizuri kwanza, elekeza mdomo mbali na watu, funika kizibo kwa kitambaa na ukishike kwa nguvu tangu unapolegeza waya uliokifunga, kisha zungusha chupa yenyewe taratibu hadi kizibo kiachie.