Verbatim CD-R za 700 MB kwenye PlayStation 1 yenye chipu (iliyolehemiwa ndani ili ikubali nakala)

Kama unanakili magemu yako ya zamani, nunua hizi, hasa zenye neno AZO (aina ya rangi inayohifadhi data) kwenye kasha. Lenzi ya PlayStation ya kwanza iliundwa kusoma CD za kiwandani. CD-R (za kuchoma mara moja) hurudisha mwanga hafifu zaidi, na CD-RW (za kufuta na kuchoma upya) hafifu mno, hiyo usiiguse kabisa.

Choma kwa kasi ya 16x. Kwenye programu ya kuchoma, chagua faili la .cue (mpangilio wa nyimbo na data za CD), si .bin (data yenyewe) peke yake, la sivyo magemu mengi yatacheza bila muziki.

Nakala ikigoma na mashine ikadai CD ya PlayStation, huku CD halisi zinasoma, kagua chipu na lehemu za nyaya zake. Video zikikatakata, hata kwa CD halisi, lenzi ndiyo mgonjwa: ipanguse taratibu kwa pamba yenye spiriti. Kwenye SCPH-1001 (modeli ya mwanzo ya PlayStation) reli ya plastiki ya lenzi hulika, lenzi ikainama. Kupindua mashine juu chini husaidia kwa muda tu. Tafadhali usikimbilie kuzungusha skrubu ya kuongeza nguvu ya leza, maana utaiua mapema.