Mofini walijua, kibla hawakukiuliza

Kwa dawa, wale madula wa mauti, watu wanaolipwa kukaa na mgonjwa anayekaribia kufa, wanajua kazi. Naliandika hili mapema kwa sababu hasira yangu haijapoa, na nikianza na yaliyonichoma nitasahau kuwatendea haki.

Nyanya yetu alikuwa na saratani ya ini. Hospitali ilipoona hakuna la kufanya zaidi, tulimrudisha nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa. Ilikuwa kipindi cha kusi. Binamu akatuambia kuna huduma ya watu wanaokuja kukaa na mgonjwa na jamaa zake mpaka dakika ya mwisho, na kwamba wanaheshimu mila za watu wa Pwani. Hilo la mila ndilo lililotufanya tulipe.

Dada aliyeletwa alitukuta tunampa nyanya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, pale tu anapolia. Akatukataza. Akasema hupewa kila baada ya saa nne, hata usiku, msingoje maumivu yarudi ndipo mkimbilie chupa. Tena mofini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza pamoja nayo. Hospitali hakuna aliyetueleza hivyo. Usiku ule nyanya alilala bila kuguna. Akatufundisha pia kumlowesha midomo kwa pamba badala ya kumlazimisha uji, maana mwili unaoaga hauna haja ya chakula. Laiti ningeandika siku ile, ningewasifu mpaka mseme nimelipwa.

Siku mbaya ilikuwa ya mashine ya oksijeni. Sisi kitanda tulikuwa tumekiweka makusudi. Mombasa kibla kiko kaskazini, basi kichwa tulikielekeza mashariki, ili nyanya akilazwa ubavu wa kulia uso wake uelekee Makka. Na ubavu wa kushoto alikuwa na kidonda cha kulala, hivyo kulia ndiko pekee alikoweza kulala. Waya wa mashine ya yule dada haukufika kwenye soketi. Hakuuliza mtu. Alimwita kijana mmoja wakakizungusha kitanda, kichwa kikaenda magharibi. Nyanya akawa amekipa kibla mgongo, pumzi zake zinahesabika.

Shangazi alimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kibla chetu kiko huku." Akajibiwa, bila hata kugeuka, "Mama, hilo halimsaidii kupumua." Mwanamke wa umri ule, mbele ya wakwe na majirani, anamuuguza mamake mzazi! Kisha yule dada akawataka waliokuwa wakisoma Yasin watoke nje, eti mgonjwa anahitaji utulivu na sauti zinamtia hofu. Nyanya alikuwa akiisoma Yasin kila Alhamisi usiku tangu sijazaliwa. Vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya shuka kila aya ilipofika mwisho. Mimi niliviona. Hofu ipi?

Dawa ya yote ilikuwa waya wa ekstensheni tu, na jirani alikuwa nao. Tuliuleta, wajomba wakakinyanyua kitanda wakakirudisha, wasomaji wakaingia. Shangazi akaketi kichwani akamtamkisha shahada taratibu sikioni, na nyanya alipoitamka akanyamaza, kwa kuwa hatakiwi kumrudiarudia mtu ambaye keshaitamka. Hajafundishwa darasani, alimwona mamake akiwafanyia wengine. Alikata roho kabla ya alfajiri akiwa ameelekea kibla, na si kwa msaada wa tuliowalipa. Shangazi alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa. Waosha walikuja wenyewe, sanda ya vipande vitano na kafuri tayari, na adhuhuri ilipoingia alikuwa anaswaliwa.

Kwa hiyo nani hasa alimsindikiza nyanya? Naona hawa wanaoitwa madula wa mauti wanaingia nyumba zetu kana kwamba watu walikuwa wakifa peke yao kabla hawajafika. Pwani kazi hii ina wenyewe, na wako tele mtaani. Wanachokosa ni mofini na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuitoa. Hicho ndicho mlete, kisha muulize: nyinyi hapa huwa mnafanyaje? Swali hilo hatukuulizwa hata mara moja, wala siku ya kutia sahihi.

Nilisema nitawatendea haki. Mgonjwa wenu akiwa na maumivu yasiyoshikika, waiteni, maumivu yale si ya kumwachia mtu. Ila mtu mzima wa nyumba akae pale chumbani, na kabla begi halijafunguliwa muonyesheni kibla kiko wapi na nani atakuwa kichwani. Bali kila nikikumbuka lile "halimsaidii kupumua" nasema la, msiwaite, tafuteni muuguzi yeyote anayejua mofini, mengine yote mnayo.

Msimamizi wao alinipigia baada ya matanga. Akasema yule dada atapelekwa mafunzo, na sisi tutapewa punguzo tukiwahitaji tena. Punguzo la msiba upi? Mafunzo wampe, ni vyema. Mimi nataka aje amwombe shangazi radhi, mbele ya wakwe na majirani wale wale waliosikia akimjibu.